Mteremko Uliojengwa Bila Kumuuliza Mwenye Kiti

Kambi ya wajenzi,
Nyuma ya zahanati mpya.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu tulipoagana? Viwiko vyako vinaendeleaje, na lile gurudumu la kushoto la kiti chako limeacha kulia? Mama kifua kimempoa? Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kama wa babu na mikono imepasuka kwa saruji. Mwandiko ukikusumbua nisamehe, unajua mwenyewe shule niliishia wapi.

Dada, nimechukizwa. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa kambini nikianza kuyasema haya wenzangu wanajifunika shuka.

Zahanati tuliyojenga ina ghorofa. Mbele kuna mteremko wa zege wa kupandia viti vya magurudumu. Kabla hatujaumwaga, wakubwa waliitisha kikao cha kusikiliza maoni ya watu wenye ulemavu. Wakamwita mama mmoja, fundi cherehani, anayetembelea kiti kama wewe. Na kikao wakakifanyia wapi? Juu, ghorofani! Ngazi ishirini na mbili, nazijua moja moja kwa sababu nilizipiga plasta mimi.

Basi yule mama akakaa chini na sisi, kati ya mifuko ya saruji, saa mbili nzima. Wakamteremshia chai. Akaitazama kazi yetu, akaniuliza, "Mwanangu, huu mteremko mmewachorea mbuzi?"

Nikamwambia, "Mama, mimi ni wa kuchanganya zege tu. Ramani ndivyo inavyosema."

"Hiyo ramani imewahi kukaa kwenye kiti?"

Akatoa ile futi yake ya kushonea, akaniambia nishike ncha. Tukapima pamoja mbao tulizokwisha kupigilia. Akanionyesha kwamba mteremko umesimama mno, mikono ya mtu haiwezi. Tena kule juu hakuna pa kutulia, na mlango unafunguka kwa nje, kwa hiyo ukiuvuta unakurudisha ulikotoka. Akasema yeye hakati kitambaa kabla ya kumpima mwenye nguo, na anashangaa watu waliosoma wanakata zege hivihivi.

Mwishowe karani akashuka na kitabu cha mahudhurio, akamwekea kidole pa kusaini. Mama akasaini, akidhani ni kuonyesha tu kwamba alifika. Kikao kikaisha hapo. Wiki iliyofuata ikabandikwa ukutani karatasi inayosema kwamba maoni yake yamesikilizwa na kuzingatiwa.

Nilimpelekea nyapara wetu maneno ya yule mama kabla hatujamwaga. Akacheka mbele ya kila mtu. "Wewe umeletwa hapa kuchanganya zege, siyo kuchanganya watu akili. Mwaga!" Tukamwaga. Nami nilikuwamo, dada, sijifichi.

Siku ya uzinduzi wakamtaka yeye ndiye apande wa kwanza, wageni waone. Akasukuma mpaka katikati, mishipa ya shingo imemtoka, kiti kikaanza kurudi nyuma. Nyapara akatukonyeza wanne tukamnyanyua juujuu, yeye na kiti, gauni likipanda magotini, naye hana mkono wa kulishusha. Mpiga picha akamwambia, "Mama, tabasamu kidogo!" Akajibu, "Nishusheni. Sijafa mnibebe." Watu wakapiga makofi. Mkono wangu ulikuwa chini ya gurudumu lake.

Yule mama ana kidonda cha kukaa sana kitini, lazima kisafishwe kila Jumatano. Sasa unajua anaingilia wapi? Mlango wa nyuma, ule wa kutolea mapipa ya bandeji chafu, kwa sababu huko ni tambarare. Anasubiri mapipa yapite, inzi na vyote, ndipo aingie. Ule mteremko wetu mzuri wanaegeshea pikipiki.

Ameandika malalamiko, anataka zege livunjwe. Wakubwa wakamjibu kuwa alikuwepo kikaoni, saini yake hii hapa. Anahitaji mtu aliyemwona akikaa chini siku ile. Nyapara akatukusanya, akasema atakayetia saini kwenye karatasi ya yule mama afungashe godoro lake siku hiyohiyo.

Hapo ndipo nilipozikumbuka ndala zako.

Kile choo nilichokujengea nyumbani, mlango niliupima kwa mabega yangu. Sikukuuliza. Ulinishukuru, mama akanichinjia kuku, nikaondoka kifua mbele. Likizo iliyopita nikaona ndala mbili zimewekwa mlangoni pa choo, zimelika kwa mbele, nikadhani za wageni. Ni Jumatano hii tu, nikiwa natazama yale mapipa, nilipoelewa. Kiti hakipiti. Unakiacha nje, unavaa ndala mikononi na kutambaa kwenye maji. Miaka mitatu, dada! Nyapara namchukia, lakini na mimi nilikuwa nyapara wako.

Alhamisi nilitia saini. Nimeeleza vyote: alipokaa, saa alizokaa, na futi niliyomshikia. Nyapara hajanifukuza bado, ila ameninyang'anya koleo na kunipa kazi ya kuzibua vyoo vya kambi. Huenda nikawa nyumbani kabla ya mvua, na godoro kichwani.

Kwa hiyo nakuomba, kabla sijakijenga upya hicho choo, tafuta kamba. Kaa kwenye kiti chako, ujipime: upana wa kupita, upana wa kugeuka, na mkono wako unapofika. Kila kipimo ukifungie fundo. Mlango ufungukie upande gani, useme wewe. Mpe kamba dereva wa lori linalokuja huku, atanifikishia. Mjomba akianza kujifanya anajua, mwambie nimesema anyamaze.

Msalimie mama, shangazi na shemeji fundi baiskeli, alitazame hilo gurudumu. Mungu awape afya na usingizi usio na maumivu.

Na dada, safari hii usinishukuru nikimaliza. Nishukuru siku utakayoingia na kutoka kwa kiti chako, na zile ndala nimezitupa kwa mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kisogo