Maelezo ya Emerensiana Sylvanus Kuhusu Asidi Iliyomwagwa Kwenye Tangi la Chokaa

Jina: Emerensiana Sylvanus Amedeus
Umri: Miaka 34
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa maabara, kiwanda cha vigae
Makazi: Mlabani, Ifakara
Tarehe: 20/03/2024, saa 3:15 asubuhi

Ninaapa kuwa nitakayosema ni kweli.

Kiwanda chetu kipo nje ya Kibaoni na kinachoma makaa ya mawe. Moshi wake una salfa, hivyo tunaupitisha kwenye tangi la maji ya chokaa. Chokaa inakamata salfa na inageuka tope la jasi, ambalo mafundi wa dari wanakuja kulichukua. Ili chokaa iyeyuke vizuri tunaongeza asidi ya fomiki, lita kumi kila saa, kidogo kidogo. Kazi hiyo ni yangu.

Mnamo tarehe 12/03/2024, siku ya Jumanne, niliingia zamu saa 1:00 asubuhi. Sikuweka asidi saa mbili, wala saa tatu, wala saa nne. Nilikuwa maabara naongea kwa simu na mdogo wangu Teddy kuhusu sare za kipaimara cha mwanawe. Kwenye daftari niliandika kuwa nimeweka.

Saa 4:10 alikuja mzee Kelestini, mfanyakazi wa usafi, mkazi wa Kivukoni. Tope la jasi lilikuwa limeziba shimo la chini ya tangi. Aliniuliza, "Mama maabara, niingie?" Nilimjibu, "Ingia mzee, pampu ya tope nimezima." Sikukata simu kumjibu.

Saa 4:25 msimamizi alipiga kelele kutoka juu kwamba kipimo cha moshi kimepanda, na wakaguzi wako getini. Niliogopa. Nilichukua lita zote thelathini nikazimwaga tangini kwa mara moja. Nilisoma chuoni kwamba asidi nyingi ikikutana na tope lile inatoa gesi ya sumu, nayo inashuka chini. Nilikuwa najua. Mzee nilikuwa nimemsahau.

Harufu ilipanda kama viberiti vingi vimewashwa pamoja. Kisha nikasikia kikohozi chini. Niliita. Vitus wa tanuru alikuja na kamba, tukamtoa mzee. Macho yake yalikuwa wazi ila hakuweza kusema. Nilipanda naye gari hadi hospitali, nimemshika kichwa.

Saa 9:00 alasiri msimamizi aliniuliza, "Nani alimruhusu kuingia?" Nikasema, "Sijui." Akaniambia niandike taarifa. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mzee aliingia shimoni bila ruhusa.

Alifariki Ijumaa tarehe 15. Jumamosi tulimzika. Msimamizi alisimama makaburini, akasema msiba huu utufundishe kufuata taratibu za kazi. Watu waliinamisha vichwa. Mimi pia niliinamisha.

Jumatatu tarehe 18, saa 11 jioni, mjane wake, mama Agnella, alikuja kwangu Mlabani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Alikuwa na ndoo ndogo ya mchele wa shamba lao. Alisema, "Mwanangu, umemtoa mzee wangu, umemshika mpaka hospitali. Hatuna cha kukupa. Na utusamehe, alikuwa mbishi, haambiliki." Nikasema, "Pole mama." Nilipokea ndoo. Nilimsindikiza hadi barabarani.

Mzee hakuwa mbishi. Aliniuliza, na mimi ndiye niliyemruhusu.

Mchele ule niliupika jana. Nilikula sahani nzima, nikaosha sufuria. Leo sikwenda kazini, nimekuja hapa kituo cha polisi. Hakuna aliyenituma.

Niliyoyajua na niliyoyatenda ni hayo, nami nimeyatoa kwa hiari yangu.

Sahihi: E. Sylvanus

Maelezo ya askari: Mimi WP Koplo Mbuke nimemwandika shahidi maelezo haya na kumsomea, amekubali ni sahihi. Kwa kuwa amejitaja kuwa mhusika, nimesimamisha maelezo saa 4:40 ili nimpeleke kwa mkuu wa upelelezi. Ameuliza kama kuna njia isiyopita mapokezi. Nimemwambia haipo. Mjane wa marehemu alikuwa hapo kwenye benchi, amefuata nguo za mumewe. Alipomwona shahidi alisimama, akamnyooshea mkono kumsalimia. Shahidi aliweka mikono yake nyuma.