Saba ya Upanga Ambayo Sikuwa Nayo

Nyuma ya stesheni ya zamani,
Villa Tacuaral, Entre Ríos.
14 Julai, 2019.

Mpendwa dada Griselda,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi yetu. U mzima? Na shemeji, goti lake linaendeleaje huko Vigo? Mimi nipo, nakula, nalala, na zile sauti za kichwani zimenyamaza tena. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Umelalamika kwamba tukipigiana simu nazima kamera, ukadhani nimekukasirikia. Sijakukasirikia hata kidogo, dada. Ni mdomo wangu hautulii. Unajipinda wenyewe, ulimi unachungulia nje, macho yanapepesa, na wala sijayatuma. Daktari anasema ni zile dawa za akili ninazomeza huu mwaka wa ishirini na tatu. Zimenituliza kichwa, zikaniharibu uso.

Kilichoniumbua ni karata. Si unaijua truko yetu, wachezaji wa upande mmoja hupeana ishara za uso kwa siri. Ukipinda mdomo kulia, una saba ya upanga, mojawapo ya karata kubwa kabisa. Rufino nimecheza naye miaka kumi na tisa. Mwezi Machi, kwenye fainali ya klabu, mdomo ukajipinda kulia. Mwenzangu akaamini, akapandisha dau mpaka mwisho. Mimi mkononi nilikuwa na karata ya nne tupu, isiyoshinda kitu. Kondoo wa zawadi akaenda zake na wale wengine.

"Saba yako iko wapi, bwana wee?" Rufino akanifokea. Watu wakacheka hadi kushika mbavu. Hata mimi nilicheka, kumbe naumia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda nimejifunga skafu mpaka puani. Safari hii hakuna aliyecheka. Rufino alikuwa amekaa na mwingine, akaniambia taratibu, "Kaka, pumzika kwanza. Ukipona utarudi." Sijarudi. Na yeye hajapita kwangu, ilhali truko ya watu wawili haihitaji ishara yoyote. Tungecheza hapa jikoni. Sasa Jumapili nagawa karata za wawili, nacheza pande zote mbili, kisha nazikusanya.

Niko mpweke, dada. Kuna wiki zinapita sijaongea na mtu ila muuza mkate, naye huongea huku akiitazama mikate yake.

Basi nikafanya ujinga, usinigombeze. Niliacha dawa siku tisa bila kumwambia mtu, nikitaka uso wangu urudi. Mdomo ukazidi. Siku ya tisa nikasikia mtu ananiita uani, na uani hapakuwa na mtu. Nilikimbilia kliniki na kandambili miguuni. Daktari hakunisuta. Ananibadilishia dawa polepole, lakini kasema wazi kwamba uso huenda usiwe tena kama zamani. Nimechagua kichwa. Heri nichekwe na watu kuliko kuitwa na wasiokuwepo.

Nisalimie shemeji, na mwanao Mirta, na yule mtoto wake ambaye sijamwona bado. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape riziki na usingizi mwema.

Jumapili mkipiga, nitawasha kamera. Mtoto akicheka, mwache acheke. Wewe niangalie tu mpaka tumalize kuongea.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka kila siku,
Evaristo