Mastura, Aliyetutafsiria Maneno ya Daktari

Mwaka umetimia, Mastura, tangu asubuhi ile ya Aprili 1976 ulipotutoka, na bado hatujajua tukuambie nini. Ninayeandika ni mimi, dada yako Mwaija. Wengine wamekaa hapa barazani wananiambia andika hiki, acha kile.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa kazi. Hukumpita mzee bila shikamoo, hata ukiwa umechelewa gari moshi. Kila uliporudi kutoka kutafsiri mikutanoni ulikuja na penseli za pale mezani ukawagawia watoto wa mtaa mzima, na wa mtaa wa pili wakajifanya wa kwetu.

Ulipokwenda Khartoum mwaka 1971 kusomea shahada ya pili ya tafsiri na ukalimani, Kiarabu na Kiingereza, Baba alidhani unakwenda kujifunza kuandika barua. Ukatueleza kwamba mnafungiwa kwenye kibanda cha vioo, mmevaa vyombo vya kusikilizia masikioni. Mtu anahutubia kwa Kiarabu, na wewe unasema maneno yake kwa Kiingereza papo hapo, yeye bado anaendelea. "Jaribu siku moja, Dada," uliandika. "Mama akutume sokoni, na kabla hajamaliza uwe unamweleza jirani yetu Mzee Mhoja kwa Kisukuma, usiache hata kitunguu." Nilijaribu. Niliacha chumvi na mafuta ya taa.

Likizoni mwalimu wako alikuwa redio. Taarifa ya habari ikianza, unamenya viazi huku unanong'ona Kiarabu, mpaka wapangaji wapya wakamwuliza Mama kama umeshapelekwa kwa mganga.

Na kesi ya ng'ombe hatujaisahau. Ng'ombe wa Mzee Mhoja waliingia shambani kwa Baba mdogo Seif kule Mkolani, na mbele ya balozi wa nyumba kumi ukawa mkalimani, maana Kisukuma cha Baba mdogo kinatosha kununulia maziwa tu. Mzee Mhoja akasema lake. Ukamgeukia baba yako mdogo, umekaza uso: "Mimi ng'ombe wangu wana adabu kukuzidi wewe."

Baba mdogo akaruka. "Mtoto huyu ananitukana!"

"Si mimi, Baba mdogo, ni Mzee Mhoja. Mkalimani haongezi wala hapunguzi. Haya, jibu, nimpelekee."

Balozi alicheka mpaka kesi ikaisha yenyewe.

Mwezi wa Januari mwaka ule wa 1976 ulirudi kutoka kazini kwako Dar es Salaam umekonda, tumbo limejaa. Tulikupeleka hospitali Baba, Mama na mimi. Daktari alikuwa mgeni kutoka Misri, na nesi Paskazia ndiye aliyewatafsiria wagonjwa Kiingereza chake. Daktari aliposikia umesoma Khartoum alifurahi, akaanza Kiarabu. Baba akamwambia nesi, "Nenda kapumzike, binti. Sisi tunaye mkalimani wetu, wa mataifa." Paskazia akatoka. Kosa lile, Mastura, lilikuwa letu.

Daktari alizungumza muda mrefu. Kurani tunaisoma tangu utoto, lakini Kiarabu cha mazungumzo hatukijui. Tulidaka neno moja tu, sabri, yaani subira, tukaitikia kwa vichwa kana kwamba tumeelewa yote. Tulikuwa tunatabasamu. Baba alinigusa kwa kiwiko: "Msikilize mdogo wako." Ulikuwa unamjibu daktari taratibu, mikono umeiweka mapajani, na sisi tunaona fahari. Kisha ukatugeukia.

"Anasema ini limechoka. Nipumzike, ninywe dawa. Mvua zikiisha nitakuwa mzima."

Tukaamini. Nani angekushuku wewe? Mimi nikarudi kufundisha Buhongwa, nikawa nakuja Jumapili tu. Baba akarudi kwenye cherehani yake. Mama alipoitwa Ukerewe kwenye harusi ya binti wa Mama mdogo alisita, na wewe ukamfungia mzigo kwa mikono yako. "Nenda, Mama. Utanikuta," ulimwambia.

Siku ya tatu ukakata roho. Tulipiga simu posta ya Nansio, kule Ukerewe, lakini hadi Mama anafikiwa, meli ya siku ile ilikuwa imeshang'oa nanga. Tulikuzika alasiri. Mama alifika kesho yake, hina ya harusi bado mbichi mikononi.

Siku ya arobaini daktari alikuja na Paskazia kutupa pole. Baba akamwambia, "Tulitegemea atapona mvua zikiisha." Paskazia akampelekea maneno hayo. Daktari alimtazama Baba, akajibu kwa sauti ya chini, na Paskazia akatwambia bila kutuangalia usoni: alikueleza wazi kwamba imebaki miezi mitatu, na akakuomba utwambie, ili tusiwe mbali nawe.

"Sema tena, binti," Baba akasema.

Akasema tena. Baba akamkaribisha daktari chai.

Tangu siku ile tumeshindwa, Mastura. Kukulaumu hatuwezi, na kukushukuru hatuwezi. Baba anasema labda ulitaka kutuona tukicheka hiyo miezi uliyobakiwa nayo, na Mama akisikia hivyo huinuka akaenda uani. Najua tusingekuponya. Lakini shule ningeomba ruhusa. Jumapili zako zilikuwa kumi na mbili tu, na mbili kati ya hizo sikuja kwa sababu ya mvua. Kila Ijumaa tunakuja kaburini, tunakusomea Yasini, tunasimama pale, na hakuna anayejua la kufanya baada ya hapo.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hutatutoka moyoni siku zote tulizojaliwa. Unakumbukwa na baba yako Mzee Abeid, baba yako mdogo Seif, mimi dada yako Mwaija, Mama mdogo na watoto wake wa Ukerewe, Mzee Mhoja na majirani wote.

Mama yako nimemwuliza nikuandikie nini kwa upande wake. Ameinuka kama anayekwenda uani, akageuka mlangoni. Kisha amesema, "Mwandikie kwamba nisingekwenda."