Kwa Nini Mama Mkubwa Alichomoa Waya

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la vioo.
Jumapili, mwezi wa tatu.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za dada yako, mzima wa mwili, ila miguu ndiyo inayolalamika. Natumaini kifua chako kimepona na ile baridi uliyoisema haijarudi. Wifi hajambo? Watoto je, bado wanagombania dirisha? Sisi huku hatujambo. Mama Mkubwa naye anakula, analala, anakosoa chumvi ya kila mtu.

Nimemtaja mapema kwa makusudi, maana najua moyo wako uko juu juu. Uliandika kwamba mama yako hapokei tena simu zako za picha, ukauliza umemkosea nini. Hujamkosea, Kaka. Waliomkosea wako huku.

Nilishakueleza habari za mtandao wetu wa mtaa. Kila nyumba inaweka kisanduku juu ya paa. Kinapokea intaneti kutoka paa la jirani na kuipitisha paa linalofuata, kama watu wanaopokezana ndoo penye moto. Mmoja akiweka ndoo chini, wanaomfuata wanabaki mikono mitupu. Mimi nikitoka kwa dobi, mgongo umekakamaa kwa kupiga pasi, ndio nazunguka kuwaelewesha wageni wanaotaka kujiunga. Kazi ya kujitolea, na lawama juu yake.

Mama Mkubwa alijiunga ili akuone wewe. Alikuja mkutanoni na viatu vyake vya kutokea. Fundi wetu, yule tunayemwita Ngazi kwa urefu wake, akasimama akamwaga maneno, mara nodi, mara ruta, mara masafa, hadi wageni wakaanza kutazama mlango. Mama yako akanyoosha mkono, akauliza kama mvua ikinyesha intaneti hailowi. Watu wakaangua kicheko. Ngazi hakucheka, lakini alimjibu kwamba asijisumbue na hayo, kazi yake ni kutogusa kitu.

Basi hakugusa. Hata siku taa ya kisanduku ilipogeuka nyekundu alikaa akiitazama, akidhani kinataka kuungua, na akaona haya kumuuliza mtu. Mwishowe hofu ilimzidi, akachomoa waya. Nyumba zote zinazopokea kutoka kwake zikakatika. Mshona mapazia, anayekaa nyuma yake, akaja kugonga mlango akifoka kwamba bibi mmoja amezima intaneti ya mtaa mzima.

Mama Mkubwa alimwita mwashi akakiteremsha kile kisanduku, akakizungushia taulo, akakisukuma uvunguni. Wewe ukawa unapiga, simu haina intaneti, na kiburi chake, ambacho unakijua maana umekirithi, kikamkataza kukwambia.

Mtaa ukanigeukia mimi. Si mama yako mkubwa yule? Kambembeleze akirudishe kisanduku. Kaka, kuna uchovu wa kazi na kuna uchovu wa kubembeleza watu. Ule wa kwanza hutoka ukilala. Huu wa pili niliamka nao kila asubuhi, na nilishaamua kuwaachia wenyewe mtandao wao.

Hata hivyo nilikwenda, kwa ajili yenu wawili. Nilijiandaa kumweleza habari za taa, nyekundu ni nini, kijani ni nini. Akaniinulia kiganja.

"Sitaki kujua kinavyofanya kazi," akasema. "Nataka kujua, nikikosea, nani atakuja bila kunifokea."

Nilikunywa maji aliyonipa, nikaaga.

Maneno yale nikayafikisha mkutanoni jinsi yalivyo. Watu waliinamisha vichwa. Nilitegemea Ngazi atajitetea, lakini alisema kwa sauti ya chini kwamba amechoka. Anapigiwa simu tonge likiwa mdomoni, na mkewe ameacha kumuuliza atarudi lini. Hapo ndipo nilipomwelewa. Mtu aliyechoka hujibu kwa mkato, na mkato ule ndio uliomchoma mama yako.

Tukakubaliana kwamba kila mgeni apewe jirani wake wa kumuuliza, na awe mtu aliyejiunga juzijuzi, ambaye bado anakumbuka kutoelewa kulivyo. Fundi aitwe tu endapo jirani atashindwa. Na mkutanoni wageni waulize kwanza, fundi aseme baadaye.

Ngazi akaniomba nimsindikize kwa Mama Mkubwa. Alisimama mlangoni, akamwambia kwamba intaneti hailowi, ila kisanduku kinaweza kulowa, ndiyo maana hufungwa vizuri. Na ile nyekundu ni kwamba kinamtafuta jirani, hakiungui.

"Swali lako lilikuwa zuri, Mama," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa na haraka."

Mama yako alinyoosha kidole kitandani. Kisha akamwambia, "Kiko uvunguni. Jikunje mwenyewe ukitoe."

Na mtu yule mrefu akapiga magoti, akaingia uvunguni hadi mabega. Kisanduku kimerudi juu ya paa.

Sikudanganyi kwamba yote yametengenea. Mshona mapazia hajaomba radhi. Anapita akitazama ukuta. Wageni wengine wa mkutano ule hawakurudi, na nikiwafuata wananijibu kwa adabu ile inayofunga mlango. Nitawafuata tena, nikipata nguvu.

Nisalimie wifi, waambie watoto shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu, na mjomba mwenye gereji naye anauliza hali yako.

Mpigie mama yako Jumapili hii. Usimwambie nimekuandikia, atasema nimemvua nguo. Na picha ikikwama, usikate simu, endelea kumsemesha. Ukikata, atadhani ni yeye aliyeharibu.

Mungu akuzungushie ulinzi wake na akulaze usingizi ambao mimi naukosa.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye hata nikichoka.