Chokaa kwenye Mawe ya Reli

Songea, 6 Aprili 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila homa kidogo. Huko Madaba mvua imeyaonea huruma mahindi?

Ofisini nimepewa kazi ya kuandika historia ya kampuni ndogo ya reli ya Wajerumani, ya karne iliyopita. Ilitaka kufika Ziwa Nyasa. Kwetu iliishia kusimika mawe ya mpaka, kisha ikafilisika. Treni haikupita kamwe. Wageni watakuja kuyatafuta mawe hayo. Tafadhali, yaacheni yalivyo. Siwezi kuandika zaidi.

Mwanao,
Urban

Madaba, 25 Aprili 1993

Mwanangu Urban,

Marahaba. Tu wazima, isipokuwa goti langu. Homa imepoa?

Wageni wamefika. Tuliposikia habari za reli, akina mama tulifyeka njia nzima tukayapaka mawe chokaa, kama anapokuja mkuu wa mkoa. Hatukung'oa hata moja, kama ulivyosema. Hata lile la kando ya kaburi la baba yako limeonekana. Mzee Pankrasi aliwauliza kama mbuzi wake nao watakata tiketi. Wakacheka, wakapiga picha, wakala kuku wetu.

Mama yako,
Lidwina

Songea, 3 Mei 1993

Mama,

Shikamoo. Homa usiiulize tena.

Treni haiji. Kuna mwekezaji amenunua jina la kampuni ile, na anadai ardhi yote yalikopita mawe, pamoja na shamba letu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba mawe yamepotea yote. Bosi wangu, Bwana Daimu, akaniwekea picha zenu mbele yangu. Akauliza, "Urban, haya meno meupe ni ya nani?" Watu wanapunguzwa kazini, Mama. Nikaandika upya. Niliogopa kukueleza mapema, maana barua hufunguliwa. Wakileta karatasi, usisaini.

Mwanao,
Urban

Madaba, 30 Mei 1993

Mwanangu,

Marahaba. Napumua.

Barua yako imefika, lakini wao walitangulia. Baba yako atahamishwa kabla hatujavuna, padri ameshaambiwa.

Mkutanoni walitusomea historia yako yote. Pankrasi akaninong'oneza, "Dada, ngoja kwanza, muulize mwanao." Nikamwambia, "Nimuulize nini, na yeye ndiye kaandika?" Walipolisoma jina lako, kijiji kizima kilinipigia makofi. Nikasaini wa kwanza.

Mama yako,
Lidwina