Radhi ya Mama na Kosa 403

Jumatatu, 3 Juni
Kazini Shimanzi. Nimewasha seva upya, nimekunywa chai, nimesoma logi, daftari la seva. Kurasa za wateja zote zinafunguka. Faili moja tu linakataa, na ni langu: sauti ya Mama. Niliirekodi Ijumaa, akimwambia dada yangu aliyeondoka bila kuaga miaka tisa iliyopita: "Zuhura mwanangu, nimekuwia radhi, duniani na akhera." Jumamosi akapooza, ulimi ukafungika. Sasa anangoja kusikia kwamba Zuhura amepokea. Simu ya Zuhura imevunjika, anatumia kompyuta ya ofisini kwao Muscat. Ameandika: kosa 403, hairuhusiwi.

Jumanne, 4 Juni
Kwangu linafunguka. Kwake 403. Nimebadilisha ruhusa, jina, folda. Wapi! Mama hunitazama kila niingiapo, nami natikisa kichwa. Naona haya.

Jumatano, 5 Juni
Ofisini kwao kila ombi hupitia proksi, seva ya katikati inayowaombea wote. Nimeilaumu siku nzima. Nimemwandikia fundi wao barua pepe kali. Hajajibu.

Alhamisi, 6 Juni
Kosa ni langu. Mwaka jana wahuni walipoisumbua seva, niliandika sheria: ombi lolote lililopitia proksi lifukuzwe. Mstari mmoja. Nikausahau. Dada yangu nimemkomea mlango mwenyewe.

Nimeufuta saa nane mchana. Nimejaribu kupitia proksi, faili limefunguka. Nimemwandikia Zuhura. Ndipo nikaitazama simu, niliyoizima sauti ili nisisumbuliwe. Nyumbani wamenipigia mara kumi na tisa. Malori yameziba njia, nimetembea hadi nyumbani, Mji wa Kale. Viatu vingi mlangoni. Mama alitutoka adhuhuri.

Ijumaa, 7 Juni
Tumemzika asubuhi. Ofisi ya Zuhura imefungwa hadi Jumapili. Mama mdogo ameniuliza, taratibu tu: "Kwani huko kazini kwake hakuna simu, ukamsikilizisha?"

Ipo. Nambari iko chini ya kila barua pepe ya Zuhura. Siku nne nzima nilikuwa nayo mbele ya macho. Najichukia.

Jumapili, 9 Juni
Nimepiga ile nambari asubuhi. Nimempa habari. Amelia, amekata.

Saa nne logi imeandika: 200, yaani imekubali; faili limechukuliwa kupitia proksi. Saa nne na robo, tena. Hadi alasiri mara kumi na moja. Seva sikuigusa.

Jioni nimeketi kwenye kitanda cha Mama. Nimemwambia amepokea.