Dawa Iko Ng'ambo

Baraka, hospitalini

Kwa mudogo wangu Rehema,

Asalam aleikum. Naomba karatasi hii ikukute muzima, weye na shemeji na huyo mutoto ambaye sijamuona hata ukucha. Mama je, kifua kimetulia? Mi huku napumua, namushukuru Mungu. Ningekupigia simu, lakini rezo ya kushika simu kwenu Ubwari ni ya kupanda mulima na kuomba dua, basi nimemupa Safari wa boti akuletee.

Najua umenuna. Mutoto amepewa jina langu, amenyolewa nywele, batu bakala pilau, na Munira mukubwa hakutokea. Ulisikia biashara ya ndakala, dagaa zangu, imenibana. Biashara gani! Niko kwenye kitanda.

Mwiba wa samaki ulinichoma muguu kule Kazimia. Mwiba tu! Nikafanya vile tunafanya sisi sote: nikafungua kapsuli ya rangi mbili, nikamwaga unga wake kwenye kidonda, nikafunga kitambaa. Mama si alitutibu hivyo tangu utoto? Kikikauka naacha, kikitoa usaha nanunua tena mbili tatu sokoni. Dokta Isidore aliposikia alishika kichwa. Akasema dawa ya kudonoadonoa inazoesha mikrobe, vile vidudu vya kidonda, na kweli, balipopima usaha wangu, antibiotiki zote za hapa zilishindwa.

Bakaniweka chumba cha peke yangu nisiambukize bengine. Rehema, upweke usikie tu kwa jirani. Unajua hospitali zetu: kila mugonjwa iko na mutu wake wa kumupikia na kumuchokoza. Mi niko na ukuta. Alida, mama Murundi wa kambi ya Lusenda anayemuuguza mume wake chumba cha pili, ndiye ananipikia ugali. Anaacha sahani mulangoni, anagonga, anaenda. Nakula nikibasikia yeye na mume wake banacheka. Siku moja nami nilicheka kwa sauti, bakanyamaza.

Halafu dokta akanieleza kuna dawa inachunguzwa ng'ambo. Si antibiotiki. Banaiita anzime, inatoka kwa virusi vinavyowinda bakteria, na kazi yake ni kupasua ukuta wa mikrobe mpaka ife, hata ile iliyozoea antibiotiki. Akasema hata machozi ya mutu yana anzime ya ukoo huo, na ute wa yai pia. Nikamwambia basi angenikingia machozi kwenye bakuli, muguu ungepona zamani! Alicheka, kisha akabaandikia hao batafiti. We, nililingoja lile jibu! Kila mulango ukilia, nafikiri dawa imefika. Balijibu kwa upole kwamba ingali kwenye majaribio, hawawezi kuituma. Sibalaumu. Lakini usaha haukungoja majaribio.

Basi nikuambie, mudogo wangu, na ukae chini kwanza. Muguu wa kushoto balikata, chini ya goti. Homa imeshuka, dokta anasema nitaishi. Nilimukataza Safari asikuambie, maana uko na kichanga, nikajisemea mi ni mukubwa, nitajikaza. Nimejikaza, imenishinda. Asubuhi nasahau, nashusha miguu yote miwili kitandani, namuita Mama kama mutoto, na hakuna mutu wa kuniambia nyamaza.

Mutoto usimulete, mikrobe isimuguse. Weye njoo. Najua ananyonya, sikuombi siku nzima. Panda boti ya asubuhi, urudi na ya mchana. Dokta amekubali, utanawa tu mikono kwa sabuni ukiingia na ukitoka. Usibebe kitu. Na kama hasira yako haijaisha, njoo nayo, ukae karibu yangu unigombeze.

Shemeji musalimie sana. Mama muambie pole pole, akishamaliza kula. Jina langu hapo nyumbani lipigie busu kwenye kisogo.

Ni mi dada yako,
Munira